Nilivyoufungulia nzige mfumo wa dagaa

Asiyekaa Kigoma hudhani dagaa huvuliwa kila usiku. Mwezi ukiwa mpevu, taa za mitumbwi hazina kazi: ziwa zima limeshamulikwa, na dagaa hana sababu ya kuifuata taa yako. Basi wavuvi hupumzika. Huziba nyavu, hupeleka mahari, hudaiana, hucheza bao. Mbalamwezi ikipita giza linarudi, na usiku wa kwanza wa giza karibu kila kinachoelea kinaingia majini. Asubuhi yake, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, wote hurudi mwaloni kwa mkupuo mmoja.

Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoiua programu yangu, na mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Mwanga. Sina pa kujifichia.

Mfumo wenyewe haukuwa na makubwa. Kikundi cha wavuvi na wachuuzi kiliniomba niwaondolee ugomvi wa madaftari. Karani anasimama mwaloni na simu, dagaa wanapimwa kwenye mzani, anaandika namba ya mtumbwi na kilo, anabonyeza Hifadhi. Mfumo unajumlisha, unamtumia mwenye mtumbwi meseji hata kama bado amelala kwake Gungu, na mchuuzi aliyeko Dar es Salaam anafungua ukurasa kuona leo umeshuka mzigo kiasi gani. Makarani 40 katika mialo kadhaa, wenye mitumbwi na wachuuzi kama 300. Simu 340 kwa jumla. Mtu wa kazi hizi atacheka: watu 340 ni nini? Na mimi nilicheka. Nilimwambia mzee mwenyekiti, bila hata kumeza mate, kwamba mfumo huu unabeba watu elfu kumi.

Nilijuaje? Nilikuwa nimeujaribu. Tulikaa sebuleni na simu tatu, yangu, ya mke wangu na ya shemeji, tukabonyeza pamoja. Ukajibu papo hapo.

Tuliuzindua katikati ya Machi 2024, mwezi ukikua. Ukaenda vizuri, maana hakukuwa na kazi. Kisha likaingia kumi la mwisho la Ramadhani, na mwezi ule ule unaotuambia lini tufunge ukawaambia wavuvi sasa giza limerudi, ingieni.

Nilikuwa Kibirizi asubuhi hiyo, nimejisogeza ili nipongezwe. Saa moja kasoro robo, dada karani ameitia simu kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Anabonyeza Hifadhi. Kiduara kinazunguka. Anabonyeza tena. Kinazunguka. "Kaka, hii inatuzungusha tu." Nyuma yake beseni la tatu limeshashushwa, la nne linashuka, wabebaji wanapiga kelele kwa sababu dagaa mbichi hamngoji mtu, jua likitoka lazima awe ameshaanikwa. Dada hakugombana na mtu. Aliingiza mkono kwenye pochi, akatoa daftari la zamani. Alikuwa nalo siku zote! Hilo liliniuma kuliko mengine yote.

Nikafungua kompyuta yangu juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Hifadhidata yangu, yaani ghala la rekodi zote, ni PostgreSQL, na ujumbe wake ulikuwa unajirudia mstari baada ya mstari: samahani, wateja wamezidi. Inaomba radhi, kwa adabu kuliko mimi. Mzee mwenyekiti akaja. Amefunga, hajalala, na nusu ya kikundi iko nyuma yake. Shikamoo yangu aliijibu kwa pumzi.

"Elfu kumi, ulisema."

Kufikia jioni ikaonekana kuna balaa la pili. Kila karani aliyebonyeza mara tatu, mfumo uliporudiwa na fahamu ulikuwa umeandika mara tatu. Kuna mtumbwi mdogo wa watu wanne ulioonekana umeshusha mzigo kuliko mitumbwi yote ya Katonga. Mwenyewe alikuja kudai.

Siku hizo nilijipa moyo kwa kusoma aibu za wakubwa. Tovuti ya bima ya afya ya serikali ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa watu sita. Sita! Siku chache kabla walikuwa wameijaribu kwa watu wa bandia mia chache tu ikaanguka, na bado wakaifungua. Mimi angalau sikuwa nimeonywa. Ingawa, nikiwa mkweli, sikuonywa kwa sababu sikuuliza.

Hesabu nilipaswa kuifanya kabla, na ni ya darasa la saba. Inaitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little aliyechapisha ithibati yake mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kama kwa mama chapati wanaingia wateja wawili kila dakika na kila mmoja anakaa dakika kumi, basi wakati wowote ukichungulia utakuta watu ishirini, na kama mabenchi yanatosha kumi na tano, wengine wamesimama. Sasa rudi kwangu. Tuseme watu wote 340 wanafungua ukurasa kila baada ya sekunde kumi: hayo ni maombi 34 kwa sekunde, ombi likiwa kila mara simu inapouliza kitu kwenye mfumo. Sebuleni kila ombi lilijibiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo ndani kungekuwa na maombi saba, nane. Lakini mwaloni kila ombi lilikuwa linachukua sekunde tatu. 34 mara 3 ni 102. PostgreSQL ukiiacha ilivyokuja inaruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja, kila ombi na wake, na mitatu kati ya hiyo imetengewa msimamizi. Zimebaki nafasi 97.

Yaani ukubwa wa umati ulikuwa nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kila mmoja anakaa muda gani ndani, nami hiyo sikuwahi kuipima.

Sasa kwa nini sekunde tatu? Nilikuwa na mtuhumiwa. Kila karani alipohifadhi, programu ilituma meseji kwa mwenye mtumbwi na kusubiri jibu la mtoa huduma kabla ya kumwambia karani "tayari". Nikamlaani mtoa huduma wa meseji wiki mbili nzima, kwenye simu, kwenye barua pepe, na mbele ya mke wangu, ambaye hakuwa na la kusaidia.

Katikati ya Mei ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi wa Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wazaliane. Mwaloni pakawa kimya. Kwa wavuvi ilikuwa miezi migumu na sitaki kuifanya hadithi tamu. Kwangu ilikuwa nafasi: mfumo wangu hauna mtu, naweza kuuvunja nipendavyo.

Vyombo vya kuujaribu mfumo kwa umati wa bandia vipo vingi na vya bure. JMeter ya Apache ipo tangu 1998 na wengi huanza nayo. Mimi nilichukua Locust, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, na sitadanganya kwamba nililinganisha kwanza: nililipenda jina. Maana yake nzige. Unaandika tabia ya mtumiaji mmoja, kisha unaiambia iwazae mia, elfu, kwa kasi unayotaka, iwaachie shambani.

Kosa la kwanza: nzige wangu hawakuwa wanapumua. Wanatuma, wanatuma, wanatuma. Hakuna karani wa hivyo. Karani anamngoja mbebaji, anabishana na mzani, anajibu simu ya mtoto. Nilirudi kwenye kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayobeba mfumo, za ile asubuhi mbaya na kuhesabu: kati ya pimo moja na jingine zilipita dakika tatu, nne. Wenye mitumbwi ndio waliokuwa hawapumui. Mtu amekaa kitandani anaburuza ukurasa chini kila baada ya sekunde chache, kama anayetikisa mti.

Kosa la pili: niliwarusha nzige kutoka nyumbani. Walipofika 50 kila kitu kikawa kizito, nikashangilia kwamba nimepata ukomo. Kumbe nilikuwa nimepima bando langu. Seva ilikuwa imekaa, haina habari. Ikabidi nikodi mashine ya pili jirani na seva yenyewe ili nzige watokee huko. Siku hizi mtu akinionyesha matokeo ya jaribio, swali langu la kwanza ni kwamba mashine iliyokuwa inapiga ilikuwa na hali gani. Mara nyingi aliyechoka ni mpigaji.

Kosa la tatu nalisimulia kwa sababu watu wameniomba.

Ilikuwa Juni, saa nne usiku. Niliwaachia nzige kwa mara ya kwanza kutoka mashine ya pili, kwa furaha, nikaenda kula. Namba za simu za wenye mitumbwi nilikuwa nimezifuta na kuweka za uongo. Zote isipokuwa moja, ya mzee mwenyekiti, niliyoiacha miezi mingi nyuma kama namba ya majaribio na kuisahau. Simu yangu ikaita nikiwa na tonge mkononi.

"Kijana."

"Naam mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nakuuliza kitu. Ziwa limefungwa, ndiyo?"

"Ndiyo mzee."

"Mtumbwi wangu uko juu ya mchanga, nimeukalia mwenyewe leo asubuhi. Sasa simu yangu inaniambia nimeshusha dagaa kilo 25. Nikasema sawa, makosa. Ikaniambia tena kilo 25. Inaendelea mpaka sasa hivi ninavyoongea na wewe, sikiliza." Nikasikia: ti, ti, ti. "Wakubwa wakiishika hii simu wakaona nimevua tani kumi ziwa likiwa limefungwa, utakwenda kunijibia wewe?"

Zilikuwa meseji 412. Za kulipia. Nilikimbia kuzima na mkono wa mchuzi.

Tangu siku hiyo mfumo wa majaribio una mtoa meseji wake wa bandia: anapokea, anasubiri kadiri ninavyomwambia, anajibu "imefika", hakuna kinachotoka. Na hapo ndipo nilipopata aibu ya pili, maana kwa kuwa sasa ningeweza kumfanya mtoa meseji awe mwepesi kama umeme, nilifanya hivyo, nikarusha nzige 340, na mfumo ukaanguka vile vile. Mtu niliyemlaani wiki mbili hakuwa mwizi. Alikuwa mpita njia.

Mwizi alikuwa ndani. Kila mwenye mtumbwi alipofungua ukurasa, programu ilijumlisha mizigo yake yote kwa kuisoma rekodi ya kila mtumbwi tangu mwanzo, kwa sababu jedwali lile sikuliwekea faharasa, ile orodha inayoelekeza kila rekodi ilipo. Ni sawa na kumtafuta mtu mmoja Ujiji kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Sebuleni nilikuwa na rekodi mia mbili, ni uchochoro mmoja, unamaliza kabla hujachoka. Mwaloni zilikuwa zimefika makumi ya maelfu, kwa kuwa kikundi kiliniomba niingize na madaftari ya miaka ya nyuma. Niliweka faharasa kwa mstari mmoja wa amri. Mstari mmoja! Sekunde tatu zikawa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Baada ya hapo kazi ikawa kama paa bovu, ukiziba hapa panavuja pale. Nzige 340 wakapita. 600 wakapita. Walipofika 900 sasa kweli meseji zikawa kikwazo, nikazitoa njiani: karani anajibiwa mara tu kilo zinapoandikwa, na meseji inaingia foleni yake, itakwenda itakapokwenda. Kuelekea 2,000 ikagoma seva yenyewe, kwa sababu Linux, mfumo endeshi wa seva, kwa kawaida huipa kila programu ruhusa ya kufungua mafaili 1,024 kwa wakati mmoja, na kwake muunganisho nao ni faili. Nilijua namna ya kuongeza. Sikuongeza. Kigoma nzima haina mialo ya kuniletea watu 2,000, na usiku ule nilikuwa na usingizi.

Kuhusu wastani nitasema kifupi, kwa hasira. Katika jaribio moja wastani ulikuwa chini ya sekunde moja, ningeweza kuupeleka kwa mzee na tungepeana mikono. Lakini nilipopanga majibu yote kuanzia la haraka hadi la mwisho, mmoja katika kila ishirini alikuwa anangoja sekunde tisa. Kati ya makarani 40 hao ni wawili, wamesimama kwenye maji, beseni kichwani mwa mtu. Wastani haujawahi kubeba beseni. Mimi sasa naangalia yule wa 95 katika mia, na wa 99, na wastani siuandiki hata pembeni.

Tena kuna jambo hugeuka ghafla kiasi kwamba usipolijua utadhani umerogwa. Seva ikitumika nusu ya uwezo wake, katika foleni ya kawaida ya dirisha moja, muda wa kusubiri na kuhudumiwa ni mara mbili ya huduma yenyewe. Ikitumika asilimia 90, ni mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Kutoka 90 kwenda 95 umeongeza wateja wachache mno, na foleni imerefuka maradufu. Ndiyo maana dakika tano kabla ya kuanguka kila kitu huonekana salama.

Swali lililonikalia zaidi lilikuwa mfumo ukizidiwa uzidiwe vipi. Hapa watu wa Kigoma tuna mwalimu wetu bandarini. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha 5,000 kupitia Dar es Salaam na reli, ikaunganishwa hapa na kuingizwa majini Februari 1915. Julai 1916 vita vilipowaelemea Wajerumani, waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipokuja kuiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu yangu aliisimulia hii kama habari ya ujanja wa Wazungu. Mimi naiona kama habari ya fundi aliyekubali kwamba meli inazama na akawa bado ana nafasi ya kufikiria siku ya kuinuliwa.

Grisi yangu ilikuwa mambo mawili. Kwanza, kila pimo hupewa namba yake ndani ya simu ya karani kabla halijatumwa. Akibonyeza mara tano, seva inaona namba ile ile na kuandika mara moja. Pili, mzigo ukizidi, wa kwanza kunyimwa ni wanaochungulia. Wanaambiwa rudi baada ya dakika moja. Karani haambiwi hivyo hata siku moja.

Lilibaki jaribio la mwisho, la kuacha nzige wachache tu usiku kucha. Waingereza hulifananisha na kuloweka, na mimi nililielewa siku niliyomkuta mama anatoa mihogo yake majini siku ya tatu, anaibonyeza kwa kidole gumba mmoja mmoja. Siku ya kwanza mihogo yote ni migumu sawasawa. Mfumo wangu ulipita kila jaribio la saa moja. La saa kumi na nne ulikutwa asubuhi umevimba, kumbukumbu ya mashine imejaa, kwa sababu kila ripoti iliyotengenezwa ilikuwa inabaki ndani bila kutupwa.

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukielekea kuwa mpevu, kwa hiyo siku za mwanzo waliingia wenye haraka na njaa ya miezi mitatu, wakapata cha kupata. Giza lenyewe lilikuja mwishoni mwa Agosti. Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa Kibirizi, kompyuta juu ya mtumbwi ule ule, macho kwenye grafu.

Haikusogea. Saa kumi na mbili na nusu, imelala. Saa moja, mitumbwi imejaa ufukweni, kelele, na grafu ya makarani iko chini kama ziwa halina mtu. Moyo ukanidunda: imekufa bila hata kuomba radhi. Nikamkimbilia dada karani.

"Kaka, mikono ina maji na magamba," akasema, ananionyesha. "Simu haishiki kidole." Akaendelea kuandika kwenye daftari.

Miezi mitatu nimewafuga nzige ambao vidole vyao havilowi.

Saa mbili na dakika ishirini, mzigo umeanikwa, mikono imenawa, chai na chapati zimefika, makarani 40 wakafungua simu kwa pamoja na kuanza kuingiza asubuhi nzima. Wenye mitumbwi, ambao hawajapata meseji tangu alfajiri, walikuwa wanaitikisa ile miti yao. Grafu ikasimama wima. Wachunguliaji wakaanza kuambiwa rudi baada ya dakika moja, nikasikia mmoja wao anasonya hatua chache kutoka nilipo. Makarani wakawa wanangoja sekunde mbili, wakati mwingine nne, na hakuna aliyeona maana walikuwa wanamega chapati. Foleni ya meseji ikarefuka, ikarefuka, kisha ikaanza kupungua polepole.

Saa tatu kasoro simu ya mzee mwenyekiti ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akasoma, akachukua daftari la dada, akatafuta mstari kwa kidole, akasoma tena.

"Kilo 25," akasema. Akaniangalia juu ya miwani. "Hizi ni za kweli, au za wale nzige wako?"